Mario Hakuwa Mgumu, Shilingi 50 Ndiyo Ilikuwa Ngumu

Wiki ya tatu ya muhula huu umeme ulikatika hosteli zote, tukahamia vimbwetani kama kawaida yetu, kila mtu na simu yake mkononi na asilimia chache za chaji. Mazungumzo yalianza kwenye bumu, linaingia lini, yakapita kwenye sapu za mwaka jana, yakaishia kwenye gemu. Hapo kaka mmoja wa mwaka wa mwisho akashika usukani.

"Ninyi mnaocheza gemu za simu ni watoto," alisema. "Sisi tumecheza Mario. Tumecheza Contra. Ukifa umekufa, unaanza mwanzo. Hakuna kusevu, hakuna kuongezewa. Ndiyo maana sisi tumekomaa na ninyi mnalialia."

Watu wakacheka na kuitikia. Hata wale ambao nina hakika hawajawahi kushika padi ya mashine ya zamani waliitikia. Mimi nilinyamaza, kwa sababu msichana akifungua mdomo kuhusu gemu kimbwetani, swali la kwanza huwa "nani alikufundisha?" na mjadala unafia hapo. Lakini nimelitafuna jambo hili tangu usiku ule, na leo nataka kulijibu. Dai langu ni fupi. Gemu zile za kurukaruka hazikuwa ngumu kama tunavyosimuliana. Kilichokuwa kigumu ni bei ya kukosea. Na kwa sisi tunaosomea ualimu, tofauti hiyo si ya utani.

Nianze nyumbani. Nimekulia Tarime mjini, na mwaka 2012 nilikuwa darasa la tatu. Nyuma ya maduka, si mbali na soko, kulikuwa na banda la gemu: mabati pande zote, benchi moja, tivii mbili za chogo. Mashine zenyewe zilikuwa zile za plastiki za kuiga Famicom ya Nintendo, na tuliambiwa zimepitia Sirari kama vitu vingine vingi vya mjini kwetu. Kaseti ilijigamba kwenye karatasi yake kwamba ina gemu 9999. Ukizifungua unakuta ni zilezile zinajirudia kwa majina tofauti. Hakuna aliyejali. Watoto wote walikuwa wamekuja kwa ajili ya mbili: Mario na Contra.

Sheria ya banda ilikuwa moja. Shilingi 50, roho tatu. Zikiisha unampisha mwenzio. Shilingi 50 ilikuwa karanga za njiani kurudi shule, kwa hiyo kila ukirukia shimo na kulikosa, ulikuwa unasikia tumbo nalo likikosa.

Wasichana hawakuwa wanakaa kwenye lile benchi. Mimi nilifika pale kwa sababu nilitumwa kila jioni kumwita kaka yangu aje kula, na kila jioni nilichelewa kumwita. Nilisimama mlangoni nikaangalia. Niliona nani anaruka mapema, nani anachelewa, tofali gani lina uyoga, bomba gani lina njia ya chini. Sikulipa hata senti. Miezi ikapita. Siku moja mvua ilinyesha sana, banda likawa na watu wanne tu, na kaka yangu, sijui alikuwa na furaha gani siku hiyo, akanilipia. Nilivuka hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikafika kwenye ngome ya moto, nikampita yule zimwi wa mwisho na kuingia dunia ya pili, kwa roho zilezile tatu. Kijana mmoja akasema, "Kumbe huyu naye ni mura, amejificha ndani ya gauni." Nililala nikicheka.

Sasa fikirini. Kama gemu ile ingekuwa ngumu kweli, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa hajawahi kuicheza asingevuka dunia nzima siku ya kwanza. Sikuwa na kipaji chochote. Nilikuwa nimekosea mara mia kupitia vidole vya watu wengine, bila kulipa.

Tuiangalie gemu yenyewe. Super Mario Bros. ilitoka mwaka 1985. Ina dunia nane, kila moja hatua nne, jumla 32. Unaanza na roho tatu, na ukikusanya sarafu 100 unaongezewa moja. Ndani ya kaseti gemu yote ni kilobaiti 40. Picha moja unayotuma kwenye grupu la darasa, ya desa lililopigwa kwa haraka, huwa kubwa kuliko dunia zote nane za Mario. Watu wanaoshindana kuimaliza haraka, wakitumia njia za mkato zilizofichwa humo, wanaimaliza chini ya dakika 5. Contra nayo ina hatua nane, na mtu anayeijua vizuri anaimaliza kwa takriban nusu saa.

Hapo ndipo siri ilipo. Gemu zilikuwa fupi. Kaseti haikuwa na nafasi ya kuweka hadithi ndefu, kwa hiyo urefu ulitengenezwa kwa kukurudisha nyuma. Ukitaka kitu cha nusu saa kimshikilie mtoto miezi sita, dawa ni moja: akikosea, aanze mwanzo.

Na tusisahau nyingi za gemu hizi, au ndugu zake, zilizaliwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu. Contra ilianzia huko mwaka 1987 kabla ya kuingia kwenye kaseti. Mashine ile inaingiza fedha pale unapokufa. Ukicheza saa mbili kwa sarafu moja, mwenye mashine amepata hasara. Ghosts 'n Goblins ya Capcom, nayo ya 1985, ilikwenda mbali zaidi: ukishahangaika mpaka mwisho, inakwambia sasa rudi mwanzo uimalize mara ya pili ndipo tukuoneshe mwisho wa kweli. Huo si mtihani wa akili, jamani. Huo ni mfuko wa mtu unatafutwa.

Mfano unaoniuma zaidi unatuhusu sisi wa kule kwetu. Mwaka 1994 ilitoka gemu ya The Lion King, ya filamu ileile ya Disney. Simba, Rafiki, Pumbaa: majina ya Kiswahili, nyasi na twiga wa nyika kama ile inayoanza ukishaiacha Mugumu nyuma yako. Hatua ya pili tu ya gemu ile, yenye nyani wanaokurusha huku na huku na mbuni unayempanda, imewaliza watoto duniani kote. Miaka mingi baadaye Louis Castle, mmoja wa waanzilishi wa Westwood Studios waliotengeneza gemu ile, alieleza kwamba Disney walitaka ugumu uwekwe mapema. Kwa nini? Kwa sababu Marekani watu walikuwa wanakodi kaseti kwa siku chache. Mtoto akiimaliza wikiendi moja, mzazi hatanunua. Kwa hiyo yule mtoto aliyedhani hana akili ya kupita wale nyani alikuwa anapambana na hesabu za biashara.

Kuna aina nyingine ya ugumu ambayo mimi naiita usiri. Kwenye ngome ya 4-4 ya Mario, na tena 7-4 na 8-4, ukipita njia isiyo sahihi unazunguka palepale. Hakuna kibao, hakuna sauti ya kukusahihisha, muda unaisha unakufa. Ukiambiwa "hapa pita juu, pale pita chini", ugumu umeyeyuka. Halafu kuna hili ambalo nililijua nikiwa mtu mzima, nikataka kulia: roho zikiisha, ukirudi kwenye skrini ya mwanzo ukashikilia kitufe cha A huku ukibonyeza Start, unaanzia mwanzo wa dunia uliyofia. Si dunia ya kwanza. Kumbe kuendelea kulikuwepo muda wote! Haikuandikwa popote kwenye skrini. Kama mwenye banda letu alijua, alinyamaza, na kusema kweli ningekuwa yeye na mimi ningenyamaza.

Kwenye Contra siri ilikuwa ile ya juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, kisha Start. Roho 30 badala ya tatu. Chanzo cha alama hizo ni kitamu. Kazuhisa Hashimoto, mtengenezaji wa gemu wa Konami, alikuwa anaihamishia Gradius kwenye Famicom mwaka 1986. Ikabidi aijaribu mpaka mwisho, na ikamshinda. Mwenyewe! Akajiwekea njia ya kujipa nguvu, na njia ile ikabaki ndani. Kwa hiyo kaka yangu wa kimbwetani anapojisifu kwamba "sisi tulicheza bila msaada," akumbuke kwamba fundi wa jikoni naye alijipakulia.

Na kingine kidogo, cha kumkera tu. Tivii za Japani na Marekani zilikwenda kwa picha 60 kila sekunde. Mfumo wetu, PAL, ulikuwa 50. Mashine nyingi za kuiga zilizouzwa nchi za PAL ziliendesha gemu zilezile kwa mwendo huo wa 50, yaani polepole kwa sehemu moja ya sita. Inawezekana kabisa kwamba yule kobe aliyemkomaza kaka yetu alikuwa anatembea taratibu kuliko kobe wa mtoto wa Osaka.

Sisemi kwamba hakuna gemu ya zamani iliyokuwa ngumu kweli. Zipo. Mwaka 1986 Japani walitoa mwendelezo wa Mario wenye uyoga wa sumu na upepo wa kukusukuma shimoni, na ofisi ya Nintendo ya Marekani ikaona wateja wake watakata tamaa, ikawapa gemu nyingine kwa jina la Super Mario Bros. 2. Battletoads ya 1991 ina lile handaki la pikipiki ambalo hata ukiwa na roho mia unahitaji macho ya mwewe. Hizo nazivulia kofia. Lakini ona kilichotokea kwa ile ya Kijapani: ilipoletwa Marekani mwaka 1993 kwa jina la The Lost Levels, ilikuja na uwezo wa kuhifadhi ulipofika. Mashimo yalibaki mashimo. Kilichopunguzwa ni adhabu ya kutumbukia.

Likizo ndefu iliyopita nilifanya jaribio langu. Nilikuwa Mugumu kwa shangazi, jioni hazina kazi, nikaweka kwenye simu programu ya kuigiza mashine ya zamani, inayokuruhusu kusevu popote unapotaka. Mario, hatua zote 32, bila kutumia njia za mkato. Nilimaliza kwa jioni tisa, tena kwa vitufe vya kwenye kioo ambavyo kidole hakivihisi. Hatua ya 8-3 na wale watupa nyundo ilinichukua jioni mbili peke yake, kwa hiyo ugumu upo, siupingi. Lakini kila nilipokufa nilirudi sekunde kumi nyuma, nikajaribu kitu kingine, nikajua kosa langu ni lipi. Wakati wa banda, kosa la 8-3 lingenirudisha 1-1, na kabla sijafika tena 8-3 ningekuwa nimeshasahau nilikosea nini.

Nikiri jambo moja, maana makala ya upande mmoja haina heshima. Nilipomwokoa yule binti wa mfalme pale 8-4 nilifurahi, lakini sikufurahi kama siku ile ya mvua. Siku ile nilikuwa na roho moja iliyobaki, kaka yangu amenishika bega, watu wanne wameacha kupumua. Kitu kikiwa na gharama, ushindi wake una utamu. Kaka wa kimbwetani hilo amelipatia. Anachokosea ni kudhani kwamba gharama ile ndiyo iliyomfundisha. Kilichomfundisha ni marudio. Gharama ilichagua tu nani apate marudio hayo. Aliyekuwa na shilingi 50 za kila siku alikomaa. Asiyekuwa nazo aliacha, akaenda kuchunga, na leo hayupo kimbwetani kutusimulia kwamba gemu ilimshinda. Tunawasikia waliovuka peke yao, halafu tunasema shimo liliwafanya imara.

Hapa ndipo ninapoingia kwenye kazi yetu. Mwaka jana nilikwenda field kwenye sekondari moja ya wilaya ya Serengeti, nikapewa Hesabu kidato cha pili. Mnajua wenyewe: mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza kila kitu kinageuka Kiingereza, na mwisho wa kidato cha pili kuna mtihani wa taifa. Akishindwa anarudia mwaka mzima. Darasani kwangu kulikuwa na kijana aliyekuwa anatoka kijiji cha jirani na hifadhi, siku nyingine akichelewa kwa sababu tembo wameshinda shambani usiku na familia nzima imekesha ikiwafukuza. Kila jaribio alinirudishia karatasi nyeupe. Jina lake juu, basi. Sikupata hata kosa la kusahihisha.

Nilimuuliza kwa nini haandiki chochote. Akasema, "Madamu, nikiandika nikakosa, naitwa mbele. Nisipoandika, sijakosa."

Nilirudi kwenye nyumba tuliyopanga nikakumbuka benchi la Tarime. Kulikuwa na watoto pale wenye shilingi 50 yao mfukoni ambao hawakuicheza, waliizungusha mkononi jioni nzima. Roho tatu ni chache mno kwa mtu anayeogopa.

Wiki iliyofuata nilibadilisha sheria. Jaribio kila Ijumaa, ukitaka kulirudia Jumatatu unarudia, kwa maswali mengine ya mada ileile, na alama ninayoiandika ni ya mwisho. Hakuna kuitwa mbele. Mwalimu mmoja wa muda mrefu pale, mtu ninayemheshimu, aliniita pembeni: "Unawadekeza, mwanangu. Mtihani wa taifa hauna Jumatatu." Nilimjibu kwa adabu kwamba ni kweli, na ndiyo maana nataka Jumatatu zote zitumike kabla haujafika. Hakukubaliana nami, lakini hakunizuia, na kwa hilo namshukuru.

Yule kijana Ijumaa ya kwanza alileta nyeupe. Ijumaa ya pili aliandika swali moja, akakosa, akaja Jumatatu. Ijumaa ya tatu karatasi ilikuwa imejaa makosa kutoka juu mpaka chini, na sijawahi kufurahia makosa ya mtu kama siku ile, kwa sababu sasa niliona anapotelea wapi: alikuwa hajui kuhamisha hasi upande wa pili wa alama ya sawasawa. Ni jambo la darasa la saba, amekuwa akilibeba peke yake miaka miwili. Field yangu ilipoisha alipata 34, yaani D. Hiyo si hadithi ya muujiza. Nilimwacha dunia ya pili, na sijui alifika wapi. Lakini alikuwa anacheza.

Vygotsky, ambaye wote tumemkariri kwa ajili ya UE, alizungumzia eneo lililo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akisaidiwa. Tunaandika hivyo kwenye karatasi, tunapata alama, halafu tunakwenda field kusimama mlangoni kama mwenye banda, tukijua siri ya A na Start na kunyamaza. Hatua ya 1-1 ya Mario inamfundisha mtu kuruka, kugonga na kukusanya bila neno hata moja. Adui wa kwanza anakuja peke yake, mahali pa wazi. Uyoga wa kwanza unagonga bomba na kukurudia, kana kwamba unakuomba uuchukue. Ukifa pale umepoteza sekunde chache tu. Aliyepanga hatua ile alijua ualimu kuliko baadhi yetu wenye GPA za kupendeza.

Na sisi wenyewe tusijifanye tumeshavuka. Sapu ni nini kama si roho ya pili? Kudisko ni nini? Mwenzetu akipata sapu tunamcheka, tunamwita majina, naye anajificha badala ya kuuliza alikosea wapi. Mtihani wa mwisho uwe na uzito wake, sikatai. Daktari na injinia wapimwe kwa uzito. Lakini mazoezi yawe rahisi kununua: kwizi za marudio, semina ambazo mtu anaweza kusema upuuzi bila kuchekwa, mwalimu anayerudisha kazi ikiwa na maelezo kabla UE haijafika. Wenzangu wa elimu mnaokwenda field mwaka huu, hilo halihitaji kibali cha wizara. Linahitaji Jumatatu yako.

Kwa kaka wa kimbwetani: nakukaribisha Ijumaa jioni, umeme uwepo usiwepo. Nitakuja na simu yenye chaji na Contra ndani yake. Ukitaka kucheza kwa roho tatu ili kulinda heshima yako, cheza. Mimi nitabonyeza juu, juu, chini, chini, nitachukua zangu 30, halafu tuone nani atakuwa amejifunza ramani ya hatua ya pili kabla ya usiku kuisha.